Fundi Aliyekataa Gari Langu la Chini

Kwa miaka mitatu nilimchukia mtu mmoja tu katika Birmingham nzima, na mtu huyo alikuwa na mikono mizuri kuliko yote niliyopata kuiona. Nayasema yote mawili mwanzoni kwa sababu najijua. Nikianza na mikono yake nitaonekana mwema, nikianza na chuki nitaonekana jasiri, na mimi si mwema wala si jasiri. Mimi ni mtu wa kurudi kukagua kama nimefunga mlango, kisha kurudi tena kukagua kama kweli nilikagua.

Sote tulimwita Fundi. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya mlango wa gereji yake pale Saltley, lakini rangi ilikuwa imebanduka na hakuna aliyejali. Alikuwa Singasinga wa Nakuru, mwenye kilemba cha buluu kilichopauka kwa kufuliwa, na ndevu alizozifunga kwa wavu zisiguse oili. Bangili yake ya chuma aliizungushia utepe mweusi wa umeme, kwa sababu dini haimruhusu kuivua na betri ya gari haijui dini. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji za Nakuru, kifupi, cha amri, na kila kitu ndani yake kilikuwa "iko". Mimi aliniita Waria, kama Wakenya wengi wanavyomwita Msomali yeyote, hata aliyekulia Eastleigh. Siku moja nilimwambia kwamba nina jina.

"Waria," akasema, bila kutoa kichwa chini ya boneti, "hata spana iko na jina. Mimi nasema tu, nipe kumi na saba."

Gereji yake ilikuwa katika uwanja wa Haji, mzee wa Kihindi aliyekulia Kampala, ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote duniani isipokuwa swala. Uwanja ule ulikuwa na milango mitatu ya kupangisha. Wa katikati wa Fundi. Wa kushoto wa Mkongo mmoja aliyeosha magari, mtu mwenye mabega makubwa na mdomo mkubwa zaidi. Wa tatu ulikuwa umejaa milango ya zamani ya nyumba na friji mbovu. Huo wa tatu niliutaka mimi. Niliutaka kiasi cha kuupima kwa macho kila nikipita: hapa lifti, hapa meza, hapa taa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nafanya kazi ya kupanga vipuri kwenye ghala moja Castle Vale, na magari nilikuwa nimejifunza peke yangu, katika uchochoro nyuma ya nyumba yetu Sparkhill, kwa kurasa za mtandao nilizochapisha maktaba na kuzitia kwenye mifuko ya plastiki zisilowe.

Haji alinipa jibu moja tu. "Mimi sijui magari, mwanangu. Fundi akisema kazi yako ni nzuri, mlango ni wako."

Basi maisha yangu yote yakawa juu ya ulimi wa mtu mmoja. Na ulimi wenyewe ndio huu ninaousimulia.

Alikuwa na msemo kwa kila gari. Gari lenye moshi "inavuta sigara bila kununua." Gari la mtu mvivu wa kubadilisha oili "inakunywa chai ya jana." Dereva anayekanyaga breki kila mara "iko na mguu ya mama mkwe." Watu walikuja kutengenezewa magari na wakakaa saa nzima baada ya kazi kwisha, ili tu wasikie gari linalofuata litaambiwa nini. Wapakistani walicheka, Wajamaika walicheka, Mkongo alizima mashine yake ya maji ili asipitwe.

Lakini msemo wake mkubwa ulikuwa juu ya theluji. "Theluji ni tope tu," alisema, "imevaa nyeupe." Ujana wake wote alikuwa kwenye kikosi cha kuhudumia magari ya mashindano huko kwetu, magari yaliyopita Naivasha na Eldoret wakati wa mvua kubwa, na kazi yake ilikuwa kuyainua. Kuyainua, kuyafunga bamba la chuma chini ya tumbo, kuyarudisha topeni. Kwake, gari zuri ni gari lililo juu. Mlangoni kwake aliweka kopo tupu la kilo mbili la mafuta ya kupikia. Ukileta gari, alilisukuma kopo lile kwa mguu chini ya gari, kutoka mbele hadi nyuma. Likikwama, uso wake ulikuwa kama wa daktari aliyeona picha mbaya.

Mimi nilitoka upande mwingine wa jambo hilohilo. Kati ya Eastleigh na Birmingham familia yetu ilikaa miaka minne katika mji mdogo wa Sweden, ambako theluji inaanguka Novemba na kuondoka karibu na Aprili. Huko vijana waliendesha magari yaliyoshushwa, mengine chini kabisa, mwaka mzima. Niliwatazama majira manne ya baridi kutoka dirishani, kisha kutoka njiani, kisha kutoka chini ya magari yao. Nilijua siri yao, na haikuwa siri: matairi laini ya baridi, springi zilizopandishwa kidogo kabla ya Desemba, na mtu asiyechoka kuosha chumvi. Tope linataka gari refu. Theluji ya barabarani inataka mpira unaoshika. Hilo nililijua mimi kuliko Fundi, na bado ninaamini nililijua kuliko yeye.

Sasa nifike Jumamosi moja, baridi haijaanza. Nilipeleka kagari kangu ka milango mitatu uwanjani, nimekashusha mwenyewe kwa springi na shokomzoba za kurekebisha, zile ambazo mwili wake una hesi kama skrubu na unazungusha kola ya chuma kupandisha au kushusha. Nilikuwa nimepima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na tofauti ilikuwa milimita moja tu. Hiyo milimita moja ilininyima usingizi siku mbili. Nilivaa shati safi. Haji alikuwapo, Mkongo alikuwapo, na wateja kama sita.

Fundi alikwenda kulichukua kopo lake, akalisukuma kwa mguu, na kopo likakwama chini ya bampa kabla hata halijaingia.

"Waria," akasema, "babu yako alikata ngamia miguu ndio aonekane smart?"

Uwanja ulilipuka. Mkongo alijishika magoti. "Eh, petit! Hii ni gari ao ni kapeti? Nikuoshee ao nikukung'utie?" Haji alivua miwani akafuta machozi. Nilicheka pia, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

"Fundi, gari hili naliendesha kila siku," nikasema.

"Kila siku ya jua."

"Kila siku."

"Hii haitamaliza baridi. Theluji ikikuja utalima na pua."

"Nikimaliza?"

Hapo alinitazama. Macho yake yalikuwa madogo na yenye maji, na sikuona utani ndani yake. "Kila siku, bila kuvutwa, bila kuvunja kitu. Ukimaliza, mimi mwenyewe naambia Haji akupe mlango."

Haji akasema, "Nimesikia." Mkongo akasema, "Sisi wote tumesikia."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshikilia usukani kama shingo ya mtu.

Niseme kitu kuhusu namna nilivyojiandaa, kwa sababu watu hudhani kisasi ni moto. Kwangu kilikuwa futi ya kupimia. Nilipima urefu wa kila tuta kati ya Sparkhill na Castle Vale, nikiinama barabarani saa ya watu kwenda kazini, mabasi yakinipigia honi. Mama aliambiwa na jirani kwamba mwanawe anapima lami. Nilipandisha gari milimita kumi na tano mwishoni mwa Novemba, si zaidi, ili bado lionekane chini. Nilipaka grisi kwenye hesi zote, nikazivalisha vipande vya tyubu ya baiskeli na kuzifunga juu na chini, chumvi isiingie na kola zisigande. Matairi ya baridi niliyapata kwa mjomba wangu aliyebaki Sweden. Nililinganisha taa upya, kwa sababu gari likishuka taa nazo hutazama chini. Kila jioni nililimwagia maji vuguvugu chini ya tumbo, majirani wakidhani nalitawadhisha.

Na kila asubuhi, saa moja na dakika kumi, nilipita mbele ya uwanja wa Haji na kupiga honi mara mbili. Haikuwa salamu. Desemba nzima, Januari nzima, barafu, mvua, chumvi nyeupe hadi kwenye vioo. Fundi hakuinua kichwa hata siku moja. Aliinua spana tu, juu kidogo, akaishusha. Nilijiambia kwamba ananidharau. Ilinisaidia kuendelea.

Nitakuwa nimemdhulumu nisipoeleza alivyofanya kazi, kwa sababu katika miezi ile nilianza kumwibia kwa macho. Nilisimama kwa Mkongo nikijifanya nasubiri kuoshewa gari, kumbe namtazama. Hakuwahi kulazimisha bolti. Bolti iliyoshikwa na kutu aliipasha moto, akaiacha, akaenda kunywa chai kwenye kifuniko cha chupa, akarudi akaifungua kwa vidole viwili kama anafungua kifungo. Hakuangusha nati. Alipomaliza gari alilizunguka na kuligusa kila gurudumu kwa kiganja, na ukimuuliza kwa nini anasema, "Nahesabu. Bado nne." Alipiga kelele kwa kila mtu, lakini kitambaa chake cha kufutia mikono alikikunja vizuri kama cha msikitini. Na alikuwa mwongo mkubwa wa habari zake mwenyewe: alikuwa ametoka Nakuru hadi Kampala bila breki, alikuwa amefunga gia ya lori kwa kamba ya katani, alikuwa amevuka mto gari likielea. Habari za gari la mtu hakuwahi kudanganya.

Februari ikaja theluji yenyewe. Ilianguka tangu alfajiri, na kufikia saa tano watu walikuwa wameacha magari pembeni mwa barabara kama viatu mlangoni. Ghalani walituruhusu turudi nyumbani. Nilitoka Castle Vale nikiwa mwepesi kama mtu anayekwenda harusini. Nilipita magari marefu ya magurudumu manne yaliyolala pembeni, na kagari kangu kalikuwa kanatambaa taratibu, kanagusa theluji kwa kidevu hapa na pale, hakatelezi.

Karibu na Alum Rock Road nikamwona Fundi kituo cha basi. Koti juu ya ovaroli, theluji juu ya kilemba, mikono imefichwa kwapani.

Nilisimama, nikashusha kioo. "Ingia, Fundi."

"Basi inakuja."

"Hakuna basi tangu saa nne, Fundi."

Alitazama barabara, akatazama gari langu, akaingia. Ilibidi ajikunje. Alishika mpini wa juu wa mlango kwa mikono yote miwili, na mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga zulia, mahali ambapo hapakuwa na breki. Tulikwenda kidogo. Halafu nikaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kutamu kama sukari.

"Fundi, gari lako liko wapi?"

"Gereji."

"Huliendeshi theluji ikianguka?"

Akaukaza mpini.

"Hata miaka iliyopita?"

"Mimi napanda basi," akasema. "Theluji ikikuja, napanda basi."

Miaka yote hiyo ya Uingereza, na hakuwahi kuendesha theluji hata siku moja. Tope imevaa nyeupe! Ningeweza kuutuliza moyo wangu hapo. Kwenda kwake Handsworth kulikuwa na njia ya tambarare, barabara kubwa iliyokwanguliwa. Sikuifuata. Nilikata kushoto nikachukua kilima, mtaa wa nyumba zilizobanana ambao hakuna aliyeupitia tangu asubuhi. Nilijua gari litapanda. Nilikuwa nimefanya hesabu zote. Na karibu na kilele, pasipo gari wala mtu, nikavuta breki ya mkono kidogo. Kidogo tu, ili mkia uteleze.

Mkia uliteleza. Alitamka jina la Mungu wake kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua kama anayo. Nilirudisha gari sawa kwa urahisi kabisa. Nilikuwa nimefanya hivyo mara mia Sweden katika uwanja mtupu.

"Simamisha," akasema.

"Ni kidogo tu, Fundi, tunafika."

"Waria, simamisha."

Alishuka. Alishuka kilima kile kwa miguu, akishika kuta za bustani moja baada ya nyingine, mzee wa miaka sitini na kitu, na theluji inamjaa kwenye mabega. Nilimtazama kwenye kioo mpaka akapinda kona. Sikumfuata. Nilikaa pale injini ikiunguruma, nikatabasamu. Nilisema tangu mwanzo kwamba mimi si mwema.

Mwisho wa Machi nilipeleka gari uwanjani. Sikuwa nimevutwa, sikuwa nimevunja kitu. Watu walikuwa walewale. Fundi alipandisha gari kwenye lifti yake, akawasha taa ya mkono, akaingia chini. Hakuleta kopo. Alianza mbele, akaenda nyuma, akarudi mbele. Alifungua kipande kimoja cha tyubu ya baiskeli, akaona hesi safi inang'aa, akakirudisha na kukifunga vizuri kuliko nilivyokifunga mimi. Nilimwona akisimama muda mrefu penye mikono ya chini inayoshika magurudumu, akibonyeza kitu kwa kidole gumba. Kisha akazima taa na kutoka.

Haji akamuuliza, "Ehe, Fundi? Nimpe?"

Fundi alifuta mikono. Alinitazama mimi, hakumtazama Haji. "Bado."

"Bado nini?" nikasema.

"Bado. Njoo Jumatatu, tutaongea."

"Gari limemaliza baridi au halijamaliza?"

"Imemaliza."

"Kuna kitu kimevunjika?"

"Hapana vunjika." Akakunja kitambaa chake. "Njoo Jumatatu."

"Sema hapa, Fundi. Ulisema mbele ya watu, na sasa sema mbele ya watu."

"Bado," akasema mara ya tatu.

Masikio yangu yalipiga kengele. Nilikuwa nimeweka akiba ya neno langu tangu Februari, nikilala nalo na kuamka nalo, na sasa nililitoa. Niliwaambia wote kwamba bwana huyu wa tope na theluji hajawahi kuendesha theluji maisha yake yote. Kwamba theluji ikianguka hupanda basi. Niliwaigiza jinsi alivyoshika mpini kwa mikono miwili, na mguu wake ukitafuta breki kwenye zulia. Niliigiza sauti ile. Hata ile ya jina la Mungu.

Mkongo ndiye aliyeanza. "Ah non! Fundi! Fundi wa Basi!" Uwanja ukalipuka kama ulivyolipuka kwangu, ila zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa si kitu na yeye alikuwa kitu. Haji alitafuta funguo mfukoni huku mabega yanamtikisika. "Mtu anayeogopa theluji," akasema, "atamhukumu nani? Chukua mlango, mwanangu."

Nilitaka kumwona Fundi akiwa mdogo. Hakuwa mdogo. Aliligusa gari langu kwa kiganja, magurudumu manne, akahesabu, kisha akaingia ndani kwake.

Miaka miwili tulikaa majirani, ukuta mmoja kati yetu, na hatukuzungumza. Magari yalikuja. Vijana wa Sparkhill, wa Saltley, hata wa mbali, walitaka magari yashushwe na mtu anayejua baridi, na hadithi ya basi ilinitangaza kuliko bango lolote. Niliwafundisha kuhusu chumvi na matairi. Nilipima kila pembe. Theluji ikidondoka hata chembe tatu, mtu alipiga kelele uwanjani, "Fundi, basi limefika!" Sikupiga kelele mimi. Sikumkataza mtu pia. Nikimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta niliongeza sauti ya redio. Mwaka wa pili magoti yalimshinda, akafunga gereji, akaondoka bila kuniaga. Nilihesabu kwamba nimeshinda, na nikaendelea kuhesabu hivyo kila nilipoamka, jambo ambalo lingepaswa kuniambia kitu.

Alirudi alasiri moja ya Oktoba iliyofuata, ndani ya gari jekundu lililoshushwa. Lilikuwa linaendeshwa na msichana, naye akaegesha mbele ya mlango wangu na kubaki ndani na simu yake. Fundi alishuka polepole, kwa fimbo.

"Hii wewe ulishusha?" akauliza. Hakuna salamu.

Nililitambua. Nilikuwa nimelifanyia kazi miaka miwili iliyopita, kwa kijana mmoja wa Sparkhill. "Ndiyo."

"Mjukuu amenunua kwa huyo kijana. Inalia. Weka juu."

Niliweka juu. Aliingia chini na mimi, akaegemea fimbo, akanyoosha kidole kwenye bushi ya mkono wa chini, ile pete ya mpira inayoshika mkono kwenye mwili wa gari. Ilikuwa imechanika nusu.

"Hii bolti ulikaza wakati gani? Magurudumu ikining'inia?"

"Ndiyo. Gari likiwa juu. Ndivyo inavyofanywa."

"Nani anasema?"

Aliyesema ni kurasa zangu za maktaba, zenye picha za gari juu ya stendi za chuma, spana mkononi.

"Mpira iko imeshikwa kwa chuma ndani," akasema, taratibu, kama kwa mtoto wa darasa la pili. "Ukikaza gari ikiwa hewani, mpira inafikiri hapo ndio nyumbani. Halafu unashusha gari chini. Sasa mpira inapindwa siku zote, usiku na mchana. Gari ya kawaida, inavumilia. Gari ya chini, inapindwa sana. Baridi moja, sawa. Baridi mbili, inachanika. Shusha gari kwanza, isimame kwa miguu yake. Halafu kaza."

Sikuwa nimekaza gari hata moja kwa namna hiyo. Hata moja.

"Uliona lini, Fundi?"

"Siku ile. Gari yako. Haji amesimama pale."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya Haji?" Alinishangaa kweli. "Kosa ya fundi haisemwi mbele ya mwenye mlango. Angekunyima. Nilikuambia, njoo Jumatatu."

Mjukuu wake alipiga honi kidogo, akainua mkono kuomba radhi.

"Na baada ya hapo?" nikauliza. "Miaka miwili, Fundi. Ukuta mmoja."

"Baada ya hapo mimi nilikuwa mtu ya basi." Ndevu zake zilisogea, na nikaona kwamba anatabasamu, na tabasamu lile nililijua, lilikuwa langu la kilimani. "Nilikuwa nasikia gari zako zikitoka. Mwaka wa kwanza kimya. Mwaka wa pili, kwii, kwii. Kila moja. Mimi nakunywa chai."

"Ungenyamaza mpaka lini?"

"Mpaka kufa," akasema. "Lakini hii ni ya mjukuu."

Nilibadilisha bushi zote mbili akiwa amesimama juu yangu. Nilishusha gari, nikalisukuma juu na chini likae sawa, nikalala chali kwenye zege na kukaza kila bolti gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Alilizunguka mara moja, akaligusa kila gurudumu.

Sikujizuia. Nina umri wa kuota ndevu na nilimuuliza kama mtoto. "Fundi, kazi yangu je?"

Aliinama kwa tabu, akatazama.

"Hii moja, sawa."

Sikumwomba radhi, naye hakuniomba. Msichana aliwasha gari, nalo likatoka uwanjani bila mlio wowote.

Jumatatu nilianza kuwapigia simu wenye magari, wote, kuanzia wa kwanza. Nilimwambia wa kwanza alete gari, kuna bolti nilizikaza vibaya, nitazirudia zote na bushi mpya juu yangu. Hakukasirika. Alisema aliona usukani umekuwa mlegevu, na kwamba mafundi wengine wasingekiri. Kisha akauliza, "Kwani nani amegundua?"

Niliutazama ukuta wa upande wa Fundi.

"Mimi," nikasema. "Nimegundua mwenyewe."